Benchi la Katikati, Kasokola

Siku yangu ya kwanza kazini nilichora dole gumba. Nililichora kubwa, jeusi, likajaa karatasi nzima ya manila, kisha nikalipiga mistari miwili myekundu ya kulikata. Nikajiona fundi kweli. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nimevaa sketi niliyoshonewa kwa ajili ya kuanzia kazi, na nimeagizwa kuchora tangazo la kuwaita watu wa Shanwe, mtaa wetu hapa Mpanda, kwenye darasa la jioni la kusoma na kuandika. Nikawaza hivi: asiyejua kuandika huweka dole gumba mahali pa sahihi. Basi nikilikata dole gumba, kila mtu ataelewa.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Mratibu wa Elimu ya Watu Wazima, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye akitaka kusema jambo la maana lazima avue miwani kwanza. Aliitazama ile manila, akavua miwani, nami nikakaa sawa nisifiwe.

"Binti," akasema, "kunja karatasi yako, twende sokoni."

Sokoni alisimama mbele ya mama mmoja muuza dagaa, akamsalimia vizuri, akaifunua picha yangu. "Mama, hebu tusaidie. Hapa unaona nini?"

Yule mama aliiangalia, akatikisa kichwa. "Maskini weee! Kidole kimeoza hicho. Ndiyo wanakikata?"

Chekeni tu. Mimi siku ile nilitamani ardhi ipasuke. Mratibu hakucheka hata kidogo. Tulipokuwa tunarudi ofisini aliniambia maneno niliyofanya nayo kazi mpaka nastaafu: "Wewe umechora unachokijua wewe. Yeye ameona anachokijua yeye. Na tunayemtaka darasani ni yeye, siyo wewe."

Kazi hiyo ya kuipeleka picha kwa watu kabla ya kuibandika tuliiita kupima picha. Unafunika maandishi yote, maana unayemwita hajui kusoma. Unamwonyesha picha peke yake, unamuuliza anaona nini, halafu unafunga mdomo. Hapo kwenye kufunga mdomo ndipo penye kazi yenyewe. Nyie vijana wa ofisi za sasa mnatengeneza tangazo kwa simu huku mnakunywa chai, mnalirusha kwenye magrupu, mnapongezana wenyewe kwa wenyewe, na hamjamuuliza hata muuza dagaa mmoja. Sigombi, nasema tu. Haya, nagomba kidogo.

Cheo changu cha kiserikali kilikuwa kirefu na hakuna aliyekitumia. Ofisini waliniita Dada Picha, nilipozaa nikawa Mama Picha, na kwa jina hilo nimeagwa. Miaka ya mwanzo tulichora kwa mkono. Picha ya kutoa nakala nyingi tuliichora kwenye stensili, yaani karatasi yenye nta unayoikwaruza kwa kalamu ya chuma, kisha inavalishwa kwenye mashine yenye pipa la wino na mtu anazungusha mpini mpaka bega linauma. Ukikosea mstari mmoja umeharibu stensili nzima. Baadaye zikaja kamera za filamu. Unapiga, unapeleka studio zikasafishwe, unangoja, na kumbe aliyekaa katikati alifumba macho. Sasa mnapiga picha mia na mnafuta tisini. Sawa, lakini kuchagua bado ni kulekule.

Mratibu alipostaafu tukaletewa Afisa Elimu ya Watu Wazima, mama wa Kifipa kama mimi, mkali hadi kalamu mezani zilijipanga zenyewe. Huyo ndiye aliyenituma pande za Ugalla kuitangaza kozi ya kisomo cha manufaa. Kisomo cha manufaa ni kusoma kunakokwenda pamoja na kazi ya mwanafunzi: mkulima asome kilimo, mrina asali asome nyuki. Nikapiga picha ya mwanaume mtanashati amebeba mzinga begani, anatabasamu, meno yote nje. Nilipoipima kwa warina asali wenyewe, wakatazamana.

"Huyu mmemtoa wapi?" mzee mmoja akaniuliza. "Hana hata kienge."

Kienge ni lile fungu la nyasi na magome linalotoa moshi wa kuwapoza nyuki. Mrina asali aendaye mzingani bila moshi, kwa watu wa kule, ni mwizi au ni mgeni. Nikarudi nikampiga picha tena akiwa na kienge chake. Moshi ukamfunika nusu ya uso na tabasamu likapotea kabisa. Afisa aliikunjia uso, akaniuliza kama watu wameikubali, nikasema wameikubali, akasema, "Basi mimi ni nani?" Wakaja wengi.

Nikapelekwa pia kwenye makazi ya ndugu zetu wenye asili ya Burundi, waliokuja kama wakimbizi, wengi wao sasa ni raia wenzetu. Kule ofisi ilikuwa imechagua picha ya mama mmoja, uso wake peke yake, ukuta mweupe nyuma. Picha safi sana. Niliipima kwa Mama Evelina, mkulima wa mihogo, mcheshi mno. Alipoiona, ucheshi wote ulikatika. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wanatuandikisha tena?"

Roho iliniuma. Maisha yake yote, uso mmoja kwenye ukuta mweupe ulikuwa na maana hiyo: simama hapa, tukupige picha, tujue wewe ni nani na unatakiwa uwe wapi. Nikaiondoa siku hiyohiyo. Tukachukua nyingine ya wanawake watatu wanatembea njiani, jembe begani, daftari limefungwa kwenye kitenge kiunoni. Mama Evelina akaitazama muda mrefu. "Hawa wanaenda wenyewe," akasema. "Hakuna anayewaita majina." Akaja, na dada zake wakaja.

Sasa nifike Kasokola, maana ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo.

Mkuu wangu wa mwisho alikuwa Afisa kijana, tai shingoni hata kwenye jua la Oktoba, mwenye adabu sana. Alinipa shikamoo kila asubuhi na kunituma mpaka jioni. Kasokola tulikuwa na darasa la kisomo katika chumba cha shule ya msingi, watoto wakishaondoka. Lilifundishwa na Mwalimu Rehema, mwezeshaji. Tunasema mwezeshaji kwa sababu mtu mzima haamrishwi, anawezeshwa. Binti mwenye subira ya ajabu. Mimi ningekuwa nimeshapiga meza.

Katika darasa lile alikuwemo Mama Kabula, mama wa Kisukuma, mwembamba, mvi tupu, akishika chaki unadhani anashika yai. Na alikuwemo Baba Masanja, mkulima wa mahindi na tumbaku, mwanaume mnene mkimya. Baba Masanja alikuwa mkwe wake, amemwoa Kabula, binti yake wa pekee.

Kwa wasiojua niseme. Kwa Wasukuma, na majirani zao wengi huku kwetu, mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Akimwona anakuja njiani, mwanaume anaingia porini mpaka mama apite. Siyo chuki hata chembe. Ni heshima kubwa kuliko zote, na mtu anayeishika sawasawa anasifiwa. Wakiwa na la kuambiana, yupo wa katikati wa kulibeba, naye ni yule binti.

Kabula alifariki wakati wa kujifungua. Watoto wakabaki kwa baba yao. Watu walitegemea mama mkwe arudi kwa ndugu zake Usukumani, lakini Baba Masanja alimjengea nyumba ya matofali kwenye ukingo wa kiwanja chake, mlango umetazama upande wa pili ili wasigongane, na kila msimu akamlimia. Kuni anakuta zimewekwa. Maji anakuta yamewekwa. Anayeviweka hamwoni.

Nilimuuliza Mama Kabula siku moja, kama nilivyomuuliza kila mwanafunzi, kwa nini anasoma. Wengi husema wasome Biblia, au wasidanganywe. Yeye akasema, "Mwanangu, nina neno langu nataka kumwambia mkwe wangu. Aliyekuwa anatubebea maneno yuko ardhini. Wajukuu naweza kuwatuma chumvi. Neno hili siyo la kumtuma mtoto." Akageukia ubao. "Nitaliandika. Likiandikwa, halina uso. Atalisoma mimi sipo."

Na Baba Masanja alisoma kwa nini? Sikumuuliza. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba alijua mama mkwe wake anasoma, akajua mtu hasomi bila sababu, akaona asije akaandikiwa na yeye hajui.

Basi walisoma chumba kimoja. Yeye alikaa mlangoni, mama akakaa dirishani mwisho kabisa, na benchi la katikati liliachwa wazi. Hakuna aliyepanga. Hata anayechelewa, hata kama amebanana na wenzake mpaka anaanguka, benchi lile halikaliwi. Mama Kabula akisimama kusoma, Baba Masanja anainamia daftari lake. Siku nilipokwenda kupiga picha ya tangazo nilisimama mbele nikawapiga wote: upande huu watu, upande huu watu, katikati benchi tupu na jua la dirishani limelala juu yake. Niliipenda picha ile. Nikaipeleka ofisini, kisha nikasafiri kwenda Ugalla kwa kazi nyingine.

Huku nyuma Afisa akaitazama. Alichokiona ni kile tulichofundishwa wote: nafasi tupu kwenye picha inaonyesha darasa limekosa watu. Akaipeleka kwenye duka la kuchapa, akaomba pale katikati pazibwe. Fundi wa kompyuta akafanya alichoagizwa. Akalikata benchi, akausogeza upande wa dirisha mpaka ukakutana na upande wa mlango. Kazi safi, mshono huuoni. Mama Kabula na mkwe wake wakawa wamekaa bega kwa bega, na kwa jinsi vitabu vilivyokutana, unaapa wanasoma kitabu kimoja.

Picha haikupimwa. Ilibandikwa ofisi ya kata, ikabandikwa kilabuni, ikabandikwa kwenye mashine ya kusaga ambako kila mwanamke wa Kasokola lazima apite.

Niliporudi, Mwalimu Rehema alinipigia simu analia. "Mama Picha, njoo. Darasa limekwisha."

Mashineni walikuwa wamecheka hadi wakakaa chini. Kuna aliyesema kumbe kusoma ndiyo huku, mkwe anaegemewa. Mama Kabula aliiona picha akiwa na ndoo ya mahindi kichwani, akaitua, akaiangalia, akaibeba ndoo yake akarudi nyumbani bila kusaga. Darasani hakurudi. Baba Masanja hakurudi. Kisha akina mama wote wenye wakwe wakaacha, kwa hofu kwamba wakija watabananishwa vilevile. Waliobaki wanaenea kwenye benchi moja.

Afisa hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na vijiji vingine vinavyomlilia mwezeshaji. "Mama, nikifika mwanzo wa mvua darasa halijarudi, namhamisha Mwalimu Rehema," akaniambia. "Siwezi kumwacha anafundisha kuta." Nikamweleza kuhusu benchi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa. "Mama yangu! Kwa nini hamkuniambia?" Nikamjibu kwamba tungemwambia kama angetuuliza, na nilimjibu kwa ukali, naye akaupokea.

Nikachukua bodaboda mpaka Kasokola. Mashineni gundi ilikuwa imeshika ukutani, ikabidi niazime kisu nikwangue. Wanawake walionizunguka hawakucheka tena. Mmoja akachukua kisu kingine akanisaidia.

Mama Kabula nilimkuta anamenya karanga nyuma ya nyumba. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikaanza kumenya na mimi, maana sikujua nianzie wapi.

"Mimi siyo mtu wa kukasirikia karatasi," akasema. "Na aliyeitengeneza hatujui. Lakini jana nimemwona yule baba njiani. Ameingia porini kama siku zote. Nimepita. Nikageuka nyuma, mtu bado hajatoka." Mikono yake ikasimama. "Zamani alikuwa ananipisha. Sasa ananikimbia. Watoto wake wale nitawaona vipi, kama baba yao ananikimbia?"

Nililia, na sioni aibu kusema. Nikamwomba radhi kwa niaba ya ofisi nzima, nikamwambia pia kwamba mvua ikianza Mwalimu Rehema anaondoka.

Akashtuka. "Anaondoka? Na neno langu?"

"Umefika wapi, mama?"

"Jina lake naandika. La Kabula naandika. Asante inanisumbua, ile herufi ya mwisho nasahau vidole vyake vinaangalia wapi." Akafikiri sana, ganda la karanga mkononi. Halafu akasema, "Mwambie mwalimu hivi. Sisi wanawake tusome kwanza, tutoke. Wao waingie. Benchi lilelile, ubao uleule, ila tusikutane mlangoni."

Afisa akakubali tujaribu mpaka mvua. Na nampa haki yake: alikwenda mwenyewe kwa Baba Masanja, mwanaume kwa mwanaume, akamwomba radhi shambani kwake, viatu vyake vya kung'aa ndani ya matuta. Sijui walisemezana nini. Wiki iliyofuata Baba Masanja alikuwa wa kwanza kuingia zamu ya wanaume, akakaa palepale mlangoni.

Mama Kabula alirudi zamu ya wanawake. Walikuwa wachache, kundi dogo tu. Akaifanyia kazi ile E mpaka ikamtii.

Siku aliyoandika nilikuwepo. Kipindi cha wanawake kiliisha, wenzake wakatoka, yeye akabaki. Akaenda ubaoni. Aliandika polepole sana, kwa herufi kubwa, akirudi nyuma kuangalia, akisogea tena. Aliandika: BABA MASANJA. ULIMTUNZA KABULA. UNANITUNZA MIMI. ASANTE MWANANGU.

Hilo neno la mwisho hakuwahi kumwita, wala asingeweza kumwita.

Mwalimu Rehema kwa mazoea akashika dasta. Mama Kabula akamzuia mkono. "Usifute." Akajifunga kanga vizuri, akatoka, akazunguka nyuma ya shule kuelekea njia ya nyumbani, asikutane na wanaoingia.

Wanaume wakaja. Baba Masanja akaanza kwenda mahali pake, akaona ubao, akasimama. Midomo yake ikawa inakwenda silabi kwa silabi. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akabaki amesimama hivyo mbele ya yale maneno. Wenzake wote waliokuwa mlangoni nao wakasimama, hakuna aliyeingia. Niliinua kamera nikapiga mara moja tu. Mgongo wa mtu, kofia mikononi, ubao, na benchi la katikati tupu.

Sikuibandika hivi hivi. Nilimwendea Baba Masanja nikamwonyesha, nikaomba ruhusa. Akasema, "Muulize mama kwanza." Nikamwendea mama.

"Uso wake hauonekani?" akauliza.

"Hauonekani, mama."

"Wangu haumo?"

"Haumo."

"Basi bandika."

Ofisini Afisa aliigeuza picha huku na huku. "Mama Picha, nakuheshimu. Lakini hapa mtu ametupa mgongo. Benchi tupu. Tabasamu hakuna. Na maneno ya ubaoni, tunayemwita hawezi kuyasoma. Itamwita nani hii?"

"Sijui," nikasema, na kweli sikujua. "Twende tukaipime."

Tukaenda wote mashineni. Nikashika picha, nikafunika maandishi ya tangazo kwa kiganja. Mama mmoja, unga mpaka kwenye kope, akasogea. Nikamuuliza anaona nini, nikafunga mdomo. Afisa alitaka kusema kitu, nikamkanyaga kidogo.

"Huyu ni Baba Masanja," akasema yule mama. "Anasoma maneno ya mkwe wake. Ona, kofia amevua." Wengine wakaja kuchungulia begani kwake. Walikuwa wote wameshasikia habari ile, mji mzima ulikuwa umeshasikia. Hakuna aliyecheka. Mashine ilikuwa imezimwa kwa sababu msagaji naye alikuja kuangalia. Yule mama akajifuta macho kwa upande wa kanga, unga ukazidi kumpaka. Akaniuliza, "Hilo darasa ni siku gani? Na mimi nina mkwe."

Tukiwa njiani kurudi Mpanda Afisa alilegeza tai. Halafu akasema, "Mama, mimi nikimwona mama mkwe wangu pale mjini huwa naingia duka lolote lililo karibu. Siku moja nimeingia saluni ya wanawake." Nikacheka mpaka dereva akageuka. Lakini yeye hakucheka sana. "Alinilipia ada nilipokuwa chuo," akasema. "Sijawahi kumwambia asante kwa mdomo wangu."

Mvua zilipoanza, Mwalimu Rehema alikuwa bado Kasokola, na zamu zote mbili zilikuwa zimejaa. Benchi la katikati lilikaliwa, maana sasa halikuwa na kazi tena. Kwenye ubao pakawa na kona iliyokuwa haifutwi. Maneno ya kwanza ya Baba Masanja kwenye kona hiyo yalikuwa mawili, ameyabonyeza mpaka chaki imevunjika: MAMA NIPO.

Nimestaafu sasa. Niliagwa kwa keki na kitenge, na vijana wananijia nyumbani Shanwe kuniuliza nichagueje picha, Mama Picha, nitumie rangi gani, niweke watu wangapi. Nawaambia sijui rangi. Nawaambia nendeni mkakae na mtu mnayemtaka, mjue anamheshimu nani na kwa namna gani, mjue anachokiogopa kwenye karatasi, mjue moshi wake uko wapi. Halafu mkimaliza kutengeneza, msizibe mahali msipopaelewa. Mkiona pako wazi, ulizeni kwanza palipoachwa wazi ni kwa ajili ya nani. Wananiitikia, wanaandika kwenye simu. Sijui kama wanakwenda kuuliza. Nawapenda, ila nitaendelea kuwasumbua.

Mwezi uliopita nilikwenda Kasokola kusalimia. Mama Kabula darasani haendi tena, miguu imekataa. Kwenye ukuta wa nyumba yake, upande ule uliotazama nyumba ya mkwe wake, pamepakwa rangi nyeusi ya ubao, kipande tu, na chini yake kuna kopo la chaki. Baba Masanja alipapaka mwenyewe wakati mama amelala mchana. Anapita asubuhi, anaandika, anaondoka. Mama anatoka, anasoma, anaandika chini yake, anaingia ndani.

Nilimkuta amekaa kando ya ukuta huo, shuka miguuni. Ukutani palikuwa na mwandiko mnene ambao mwenyewe nilimjua.

"Mwanangu," akaniambia, "macho yangu siku hizi hayafai. Hebu nisomee ameandika nini."

Nikamsomea. "Mama, mvua inakuja. Usitoke. Kuni nimezifunika. Masanja ameshinda mtihani."

"Soma tena."

Nikasoma tena, mpaka mwisho. Ndipo nilipoona kwamba chini kabisa, kwa herufi kubwa zilizotetemeka, kulikuwa na chaki mbichi: NIMEONA MWANANGU.

"Mama!" nikamwambia. "Kumbe umeshasoma!"

Akajifunika mdomo kwa shuka, akacheka, mabega yakitikisika. "Tangu asubuhi," akasema. "Nimeisoma mwenyewe yote. Nilitaka tu niisikie."